Majibu ya Daktari wa Ngozi: Kuchanganya Sindano za Urembo Bila Kuupoteza Uso Wako

Barua za mwezi huu zimetoka Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Maskati, na zote zinahusu sindano za kuurudishia uso uchangamfu wake. Nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 52 na ninaishi Mikocheni, Dar es Salaam. Nina ndita mbili katikati ya nyusi zinazonifanya nionekane nimekasirika hata nikiwa na furaha, na mashavu yamedidimia tangu nilipopungua uzito. Kliniki moja imeniambia nidungwe mabomba manne ya fila, yaani jeli ya kujaza uso, kwa siku moja. Nyingine imesema Botox peke yake inatosha. Rafiki yangu alijaziwa fila nyingi na sasa uso wake umetuna, hata hafanani tena na dada zake. Mimi nataka nionekane nimepumzika, sitaki kuonekana mtu mwingine. Je, sindano hizi huchanganywa, na kwa utaratibu gani?

JIBU: Dada yangu, huchanganywa, na kwa uso wa namna unayoieleza naamini kwamba kutumia kidogo cha hiki na kidogo cha kile ni bora kuliko kumimina kitu kimoja kwa wingi ili kifanye kazi ya vyote. Kliniki hizo mbili zimekupa majibu yanayopingana kwa sababu kila moja imetazama nusu ya uso wako. Ndita zako zinatokana na misuli, ilhali mashavu yamedidimia kwa sababu mafuta na mfupa ulio chini yake vimepungua, na hakuna sindano moja inayotibu yote mawili.

Nianze na ndita. Botox ni jina la kibiashara la dawa inayotokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambayo kwa kiasi kidogo sana huizuia neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli ukilegea, ngozi iliyokuwa ikikunjwa juu yake hupata nafasi ya kutulia. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku tatu hadi tano, hukamilika karibu na siku ya 14, kisha hudumu miezi mitatu hadi minne. Matumizi haya yalianzia Vancouver, Kanada, ambako daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akiwatibu kwa dawa hiyo wagonjwa ambao macho yao hujifumba yenyewe, ikabainika kwamba ndita zao nazo zilikuwa zikififia. Yeye na mumewe Alastair, ambaye alikuwa daktari wa ngozi, walichapisha taarifa yao mwaka 1992, na Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo kwa ajili ya ndita mwezi Aprili 2002.

Simama mbele ya kioo, kunja uso kwa nguvu, kisha uachie. Ndita zikitoweka mara unapoachia, Botox inatosha mahali hapo. Zikibaki, ujue kwamba ngozi yenyewe imeshashika alama, kama kanga iliyokaa sandukuni miaka mingi ikiwa imekunjwa pahala pamoja, ambayo hata ukiikunjua mstari hauondoki. Wengi hushauriwa kuufukia mstari huo kwa fila, yaani jeli ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho na ambacho huvuta maji. Mwaka 2003 Jean na Alastair Carruthers walichapisha utafiti uliolinganisha fila pekee na fila ikiambatana na Botox katika ndita nzito. Waliopewa fila pekee ndita zao zilirudi zilivyokuwa baada ya wiki 18 hivi, lakini waliopewa zote mbili walifika wiki 32. Sababu yake inaeleweka: msuli unaojikaza mchana kutwa huisukuma na kuisaga jeli iliyo juu yake, na ukitulizwa jeli nayo hudumu.

Hata hivyo, mimi sikimbilii fila katikati ya nyusi, na ningependa nawe usiikimbilie. Mishipa ya damu ya mahali hapo imeunganika na ile inayolilisha jicho, na jeli ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusukumwa hadi kwenye retina na kumpofusha mtu. Sehemu hiyo na pua ni miongoni mwa sehemu hatari zaidi za uso kwa sindano za kujaza. Ndiyo maana huanza na Botox, nikasubiri wiki mbili, nikautazama tena mstari uliobaki. Mara nyingi huwa umefifia kiasi kwamba mwenyewe haoni tena haja ya kuufukia.

Sasa mashavu. Tunapozeeka, vifuko vya mafuta vilivyo chini ya ngozi ya uso husinyaa na kushuka, na mifupa ya uso nayo hupungua. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu melanini hutukinga na jua na makunyanzi madogo huchelewa kutufikia, hivyo uchovu wa uso huanza kuonekana katikati ya uso: bonde chini ya jicho, shavu bapa, na mkunjo unaoshuka kutoka pembeni mwa pua hadi pembeni mwa mdomo. Mtu huuona mkunjo huo akaagiza ufukiwe, na daktari asiye makini hutii. Ukiufukia mkunjo bila kulinyanyua shavu lililoanguka, unaongeza uzito mahali ambapo pamekwisha kulemewa, na baada ya miezi michache mtu hurudi kuomba nyongeza juu ya jeli ya zamani ambayo haijaisha, kwa kuwa jeli inaweza kukaa mwilini muda mrefu kuliko unaotajwa kwenye boksi. Nadhani hivyo ndivyo uso wa rafiki yako ulivyofikia hali hiyo. Akitaka, na kama alichodungwa ni asidi ya hayaluroniki, inaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi.

Kwa shavu lako, bomba moja au mawili yaliyowekwa ndani kabisa, juu ya mfupa, pengine yatatosha kuanzia. Bomba moja huwa na mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na jambo hilo huwashangaza wengi kwa sababu uso ni mahali ambapo tone huonekana. Mabomba manne kwa siku moja, kwa mtu ambaye hajawahi kudungwa, ni haraka isiyo na sababu. Kwa siku kadhaa uso utakuwa na uvimbe, na katika uvimbe huo hakuna awezaye kupima kwa usahihi kilichofanyika. Dungwa kidogo, rudi baada ya wiki mbili hadi nne, wewe na daktari muutazame uso pamoja, kisha muamue.

Utaratibu ninaoupendelea, basi, ni Botox kwanza, fila baada ya wiki mbili. Wapo madaktari wazuri wanaofanya vyote kwa siku moja kwa sababu mgonjwa ametoka mbali, na hilo halina kosa mradi fila itangulie na Botox ifuate, kwa maana fila hukandwa baada ya kuwekwa, na kukanda huko kunaweza kuisogeza Botox hadi kwenye msuli usiokusudiwa. Ndipo kigubiko cha jicho hulegea na kushuka kwa wiki kadhaa.

Kuhusu kiasi, dozi iliyoidhinishwa ya Botox kwa ndita ni yuniti 20, na kwa makunyanzi ya pembeni mwa macho ni yuniti 24 kwa pande zote mbili. Yuniti hizo ni za Botox tu. Dysport, dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, ina yuniti zake, na mtu asizilinganishe moja kwa moja. Paji la uso ndilo linalohitaji mkono mwepesi zaidi. Msuli wa pale ndio pekee unaoinua nyusi, na ukizimwa wote nyusi hushuka, macho yakaonekana mazito na mtu akawa kama amevaa uso wa kuazima. Mwambie daktari wako kwa maneno haya haya: nataka niendelee kuweza kuinua nyusi. Akupe dozi ndogo, na kama itahitajika nyongeza utarudi siku ya 14.

Umwangalie pia namna anavyokuchunguza. Anayekulaza kitandani na kuanza kukuchora alama hajauona uso wako, kwa kuwa ukilala mashavu hurudi nyuma na mabonde hupotea. Unapaswa kuketi wima, mwanga ukitoka juu, akuombe ucheke, ukunje uso, uinue nyusi, unyamaze. Mpelekee picha yako ya ulipokuwa na umri wa miaka 30 na kitu, kwa sababu lengo ni kukurudisha kwako mwenyewe, na hakuna kielelezo kingine kinachofaa.

Kabla ya sindano, omba kuona unachodungwa. Chupa ya Botox inayofika kliniki huonekana kama tupu, kwa maana ndani yake mna utando mwembamba sana wa unga chini ya kioo. Huhifadhiwa kwenye jokofu, huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, na sindano ya maji hayo ikichomwa kifunikoni chupa inapaswa kuyavuta maji yenyewe kwa sababu haina hewa. Isipoyavuta, hutupwa. Ukikuta dawa imekwisha kuvutwa kwenye bomba na chupa haionekani, ondoka. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa onyo kuhusu Botox bandia baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua, wengine wakalazwa. Ikiwa bandia imepenya huko, sisi hatuna sababu ya kulala. Fila nayo hufunguliwa mbele yako, na vibandiko vyenye namba ya toleo hubandikwa kwenye faili lako, kimoja ukibaki nacho. Usikubali kamwe silikoni ya maji wala kitu kisichotajwa jina, kwa sababu hakitolewi kwa urahisi, na uvimbe wake unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Usajili wa daktari unaweza kuuhakikisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili wa dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Uliza vilevile swali moja ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, hayaluronidesi ipo hapa, leo, katika jokofu hili? Mshipa ukizibwa na jeli, dalili zake ni maumivu makali, ngozi kupauka na baadaye kuwa na mabaka ya zambarau yenye umbo la wavu, au kuona ukungu jichoni. Katika ngozi nyeusi kupauka huko hujificha, kwa hiyo daktari anapaswa kuibonyeza ngozi kwa kidole na kutazama damu inavyorudi, ikichelewa, asisubiri. Ngozi inaweza kuokolewa ikishughulikiwa mapema. Jicho halingoji hata saa mbili.

Mwisho kwa barua yako: ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ukiwa na ugonjwa wa misuli kama mayasthenia gravisi, ukiwa na jipu au kidonda usoni, au ukitumia antibayotiki za jamii ya gentamaisini, sema kabla. Dawa za kuyeyusha damu usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Zungumza na aliyekuandikia.

SWALI: Assalaamu alaykum, daktari. Nina miaka 44, ninaishi Mombasa. Nilitumia mkorogo kwa miaka mingi na sasa ngozi yangu ya mashavu ni nyembamba, ina mishipa midogo myekundu na mabaka meusi yanayoelekea rangi ya buluu. Nimeambiwa Botox na fila zitaificha hali hii. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam. Si kweli, dada, na aliyekuambia hivyo hakukutendea haki. Sindano za kulegeza misuli na za kujaza hufanya kazi chini ya ngozi, na ngozi iliyoumia juu yake itabaki ilivyo, pengine ionekane zaidi kwa kuwa imevutwa. Mikorogo mingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki; hizo mbili za mwisho ni marufuku kuwekwa katika vipodozi, Kenya na Tanzania pia. Steroidi huipunguza ngozi unene na kuipanua mishipa yake midogo, na ngozi ya namna hiyo ikidungwa damu huvilia kwa urahisi na alama huchelewa kuondoka. Mabaka ya buluu unayoyaeleza huenda ni madhara ya haidrokwinoni iliyotumiwa kwa muda mrefu, na hayana sindano ya kuyafuta.

Anza na daktari wa ngozi. Kama bado unatumia mkorogo, usiuache ghafla bila msaada wake, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huwaka, huwa nyekundu na kutoa vipele inapokatiwa, na wengi huurudia mkorogo kwa kukimbia mateso hayo. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua, atakuandikia krimu ya kukinga jua yenye rangi, ambayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, na mtahesabu kwa miezi. Ngozi ikishatulia, kiasi kidogo cha Botox kwenye ndita au pembeni mwa macho kinaweza kufaa. Fila ikihitajika, omba itumike kanyula, yaani sindano butu inayoingia kwa tundu moja na kufikia sehemu kubwa, badala ya matundu mengi madogo, kwa kuwa kila tundu kwenye ngozi yako linaweza kuacha doa jeusi. Zile dripu za kuwa mweupe zinazouzwa pamoja na huduma hizi zikatae kabisa.

SWALI: Daktari, habari. Mimi ni mwanamume wa miaka 58, Nairobi. Nimeishi na virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya miaka 20, ninameza dawa vizuri na virusi havionekani kwenye vipimo. Lakini mashavu na panja za uso vilibonyea zamani na havijawahi kurudi, na watu wakiniona bado wanadhani mimi ni mgonjwa. Je, sindano hizi ni za wanawake tu?

JIBU: Ndugu yangu, si za wanawake tu, na kwako hata neno urembo halitoshi. Mmoja wa washukiwa wakubwa wa kubonyea huko ni stavudini, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumiwa sana Afrika Mashariki matibabu yalipoanza kuenea, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa maisha ya wengi. Dawa hiyo iliharibu seli za mafuta za uso, mikono na miguu, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache hatua kwa hatua. Kubadilishiwa dawa husimamisha uharibifu, lakini mafuta hurudi polepole na kwa kiasi kidogo.

Kwa hali hii Marekani iliidhinisha sindano mbili za kujaza, Sculptra mwaka 2004 na Radiesse mwaka 2006, kabla hazijawa maarufu katika kliniki za urembo. Sculptra ni asidi ya poli-L-laktiki: haijazi bonde papo hapo, bali huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara, na hudungwa kwa vipindi kadhaa vinavyoachana kwa wiki tatu au zaidi. Siku ya kwanza utaona uvimbe wa maji, na ndani ya siku chache utadhani kazi yote imepotea. Haijapotea, matokeo hujengeka kwa miezi na yanaweza kufikia miaka miwili. Utaelekezwa kuukanda uso dakika tano, mara tano kwa siku, kwa siku tano, na ninakusihi usilipuuze hilo, kwa sababu vinundu hujitokeza dawa isipotawanyika. Bonde la panja au la chini ya jicho linaweza kumaliziwa kwa fila ya asidi ya hayaluroniki, ambayo ina faida ya kuyeyushika. Sculptra na Radiesse haziyeyushwi na hayaluronidesi, na hilo ulijue kabla ya kukubali. Botox katika mashavu haina kazi kwako. Ukiwa na ndita, ni suala la pembeni.

Jambo moja zaidi, ambalo daktari wa urembo huenda asilifikirie: kama matibabu yako yana ritonavia, mwambie. Vinundu vya fila wakati mwingine hutibiwa kwa kudungwa steroidi iitwayo triamsinoloni, na ritonavia huizuia isiondoke mwilini hata ikaleta madhara makubwa. Nenda na orodha ya dawa zako. Hatakiwi kukushangaa, na akikushangaa tafuta mwingine; usajili wa madaktari kwenu huratibiwa na KMPDC, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu anaolewa hapa Maskati wiki tatu zijazo. Nina miaka 49 na sijawahi kudungwa chochote. Je, nikifanya Botox na fila kwa siku moja wiki hii nitakuwa tayari kwa picha?

JIBU: Marahaba, na Mwenyezi Mungu aijaalie ndoa hiyo baraka. Fila usifanye. Uvimbe na damu kuvilia huweza kuchukua wiki mbili, na ikitokea upande mmoja umezidi mwingine hutakuwa na muda wa kurekebisha. Botox ya dozi ndogo kwenye ndita na pembeni mwa macho inawezekana ikifanywa ndani ya siku mbili tatu zijazo, kwa kuwa siku ya 14 itaangukia kabla ya sherehe na nafasi ndogo ya marekebisho itabaki. Siku hiyo usiinamie chetezo cha udi, usilale kifudifudi, na usikubali kusingwa wala kukandwa uso. Fila mpange mwezi mmoja baada ya harusi, mashavu yako yakitazamwa bila haraka.